Mama Shuka na Magugu ya Njano

Mtaa mzima ulimwita Mama Shuka, naye hakukataa. Alikuwa dobi, lakini si dobi wa kila kitu. Suruali za watu hakufua, soksi hakugusa. Alifua shuka nyeupe za nyumba za wageni, na alizifua kiasi kwamba hata meneja akiinua moja mbele ya dirisha hapati pa kulalamikia, na mameneja, jamani, ni watu waliozaliwa kulalamika. Siri yake haikuwa sabuni. Wenzake walianika kwenye kamba; yeye alizitandaza juu ya nyasi zikiwa bado zinachuruzika, na zilipoanza kukauka alizinyunyizia maji tena. Jua likipiga juu na unyevu wa nyasi ukipanda kutoka chini, umanjano wa jasho la wageni unatoka wenyewe. Alifundishwa na shangazi yake, na ole wako umwambie kuna njia nyingine.

Kwa hiyo uwanja uliokuwa mbele ya nyumba yake haukuwa pambo. Ulikuwa karakana. Na karakana hiyo ilikuwa imevamiwa na magugu.

Unayajua yale. Majani yamejilaza chini, yamejitandaza kama ndiyo yenye nyumba. Ua la njano limekaa juu ya bua tupu. Baada ya siku chache ua linageuka manyoya meupe, upepo ukipita yanapeperuka kwenda kuzaa kwingine. Ukilivunja bua linatoa maziwa, na maziwa hayo yakigusa shuka yanaacha doa la kahawia lisiloogopa sabuni wala maombi. Mzizi wake umezama ardhini kama karoti. Ukilikata juu, keshokutwa limerudi, linakuchekea.

Mama Shuka aliyachukia kuliko alivyowachukia wezi. Wiki ile meneja mmoja alikuwa amemrudishia shuka na kumwonyesha doa kwa ncha ya kidole, bila kusema neno. Heri angemtukana. Alibeba shuka ile kwapani njia nzima huku masikio yanawaka moto.

Angekuwa ameshayang'oa zamani kama si mume wake.

Mume wake alikuwa fundi rangi, na watu waliendelea kumwita Fundi ingawa brashi zake zilikuwa zimekauka ndani ya kopo. Kisukari kilimla macho kidogo kidogo. Kilimwachia mwanga na giza, vivuli vya watu, na rangi mbili tatu zilizo kali. Kijani kwake kilikuwa tope. Njano aliiona. Na kwa kuwa magugu hupenda pale nyasi zilipochoshwa na miguu, maua yale yalikuwa yameota mengi zaidi kando ya njia inayotoka mlangoni kwenda getini. Kila asubuhi, yakishafunguka, Fundi alitoka, akainamisha kichwa, akayafuata hadi getini, kisha akavuka barabara kwenda kwa kinyozi kubishana habari za mpira na za serikali. Hakushikwa mkono na mtu. Fimbo aliyonunuliwa aliirusha juu ya paa, na mpaka leo iko huko. Mambo mengi yalikuwa yamemtoka mikononi. Hilo moja lilikuwa limebaki, kutoka mlangoni kwake bila kuomba msaada wa mtu, na alilishikilia kufa na kupona.

"Leo nayang'oa," Mama Shuka alisema asubuhi ile, jembe dogo mkononi. "Yote."

Fundi alikuwa amekaa kizingitini anakunywa chai. "Ng'oa ya kwenye shuka zako. Ya njiani niachie."

"Ya njiani ndiyo yanarusha mbegu kwenye shuka zangu."

"Nitayakata vichwa kabla hayajawa manyoya."

"Utayaona wapi?"

Neno likawa limeshatoka. Fundi aliweka kikombe chini, taratibu, akitafuta sakafu kwa kidole kwanza. "Nitapapasa," alisema. "Mikono bado ninayo."

Wifi mtu, dada yake Fundi, alikuwa amekuja kusalimia, na kama kawaida yake alikaa akakaa mpaka salamu zikaisha. Huyu mama alikuwa na macho ya kuona yasiyomhusu. "Wifi," alisema, "huu ugomvi mbona si wa shuka? Kaka alipaka mawe rangi ya njano akayapanga njia nzima. Ukayatoa."

"Yalikuwa yanachana shuka."

"Mawe yako njiani, shuka ziko uwanjani. Yalikuwa na miguu?"

"Wewe umekuja kunywa chai au kuniendeshea kesi?"

"Chai nimeshamaliza," wifi mtu alisema, na hakuondoka.

Mama Shuka alilitupa jembe, akaingia ndani, akaanza kusugua shuka ambayo ilikuwa safi tangu jana. Alikuwa na hasira, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba wifi yake alisema kweli. Mwezi uliopita alikuwa karaiani, amepiga magoti, povu mpaka kwenye viwiko, akasikia lori linafunga breki barabarani, ule mlio mrefu unaoingia kwenye meno. Halafu kimya. Alijaribu kuinuka, akashindwa. Alibaki pale, mikono majini, mpaka aliposikia dereva anaporomosha matusi na Fundi anamjibu, tena kwa kicheko. Jioni Fundi aliisimulia kama kichekesho, jinsi bampa la lori lilivyomgusa shati. Yeye aliendelea kupakua chakula. Tangu siku hiyo kila geti likilia aliacha kufua, akasikiliza. Shuka! Asingeziogopea shuka kiasi hicho hata zingekuwa za hariri.

Lakini kusema hivyo hakuweza. Kwao hawakulelewa kusema hivyo. Alijua kugomba, basi akagomba.

Wifi mtu alipoaga na Fundi alipolala baada ya chakula cha mchana, Mama Shuka alikaa jikoni akiyatazama maua kupitia dirishani. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mkulima asingelifanya, wala mtunza bustani, wala mtu yeyote mwenye akili iliyotulia. Dobi akipandwa na hasira, kila kitu kwake ni doa. Hakurudi kuchukua jembe. Alichukua dawa yake ya kung'arishia, ile kali anayoichanganya kwa tone kwenye maji ya ndoo nzima, akaimwaga bila kuchanganya na chochote. Alianzia mlangoni akarudi kinyumenyume hadi getini, anamimina huku anatukana kwa sauti ya chini, ua baada ya ua. Harufu ilimtoa machozi. Alijiambia ni harufu.

Maua yalinyauka siku hiyohiyo. Kesho yake mvua ilinyesha, Fundi akashinda ndani, na Mama Shuka akamhudumia kwa upole uliomtia mzee wa watu wasiwasi. Alimwekea sukari ya wagonjwa wa kisukari kwenye chai na kumkorogea. Aliandaa maneno ya kumwambia atakapotoka na kukuta hakuna kitu: kwamba atamsindikiza yeye mwenyewe, saa yoyote atakayo, asubuhi na jioni, kinyozi hahami.

Siku iliyofuata jua lilitoka kali. Fundi alifungua mlango, akasimama kizingitini. Mama Shuka alikuwa ameshajipanga pembeni, mikono ameifuta, mkono mmoja umenyooshwa tayari.

Fundi hakuushika. Alikuwa ameinamisha kichwa na kukunja uso. "Umefanya nini hapa?"

"Nimeua magugu."

"Na nyasi."

Ndipo Mama Shuka alipotazama vizuri. Dawa haikuchagua. Ilikuwa imeua majani, maua na nyasi zote ilizozigusa, ikazing'arisha kama ilivyozoea kung'arisha. Kutoka mlangoni hadi getini ulikuwa umelala mstari mpana, mweupe, kavu, na kulia na kushoto kwake nyasi zilikuwa za kijani kilichokolea kwa mvua. Kazi safi. Hakuwahi kutoa weupe kama ule kwenye shuka ya mtu yeyote.

"Naiona njia yote," Fundi alisema. "Mpaka mwisho." Lakini hakucheka. Aligeuza uso kuelekea sauti ya mkewe. "Ulimwaga dawa ili nisitoke."

"Nilimwaga kwa ajili ya shuka."

"Usinidanganye, mama. Mimi macho ndiyo yamekufa, akili ninayo. Ulitaka nikae ndani kama kabati."

Na hapo Mama Shuka alipasuka. "Ndiyo!" alipiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha. "Ukae! Ukae kama kabati, kabati halikanyagwi na lori! Unakuja hapa kunichekesha na bampa limekugusa shati, unajua mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa chini, nimeshindwa kusimama! Nikauze shuka ninunue mume mwingine? Nakuogopea, mjinga wewe! Kila siku, kila geti likilia, nakuogopea!"

Jirani alifunga dirisha.

"Hilo ungeniambia," Fundi alisema.

"Ningekuambia ungekaa?"

Fundi alilifikiria kwa dhati. "Nisingekaa."

"Haya sasa!"

"Haya sasa," Fundi alisema, akashuka kizingitini, akaushika mstari mweupe. Alitembea haraka kuliko alivyotembea kwa miaka mingi, mabega yamenyooka. Geti likalia.

Mama Shuka alimfuata. Hakuvua aproni, hakuwaza. Alitembea kwa ncha za vidole, amebana pumzi.

"Rudi ukafue," Fundi alisema bila kugeuka. "Nasikia ndala zako."

Hakurudi, wala hakumkaribia. Alisimama getini, ameng'ang'ania chuma kwa mikono miwili. Fundi alifika ukingoni mwa barabara akasimama. Aligeuza sikio kulia, akageuza kushoto, akarudia tena, polepole, mara nyingi kuliko alivyohitaji, na mkewe alijua kabisa kwamba safari hii anafanya hivyo kwa ajili yake. Hilo lilimwongezea hasira, kwa sababu kumbe angeweza kufanya hivyo siku zote. Pikipiki ikapita. Vumbi likatua. Fundi akaingia barabarani.

Mama Shuka alimchukia kwa moyo wake wote, na hakupepesa jicho mpaka kinyozi, ng'ambo ya barabara, alipomvutia mumewe kiti.