Herufi Niliyoibadilisha kwenye Jina la Mke Wangu

Gari la matangazo lilipita mtaani kwetu Mkolani likisema wanaokwenda kuboresha taarifa zao za kura waje pia na namba ya kitambulisho cha taifa, ili majina ya huku na kule yaoanishwe. Nikamwambia mke wangu, "Hapo kuna jambo." Tangu lini mtu akahitaji kutambuliwa mara mbili? Wakishakuwa na vidole vyako na kura yako mahali pamoja, nani atawazuia kuchungulia?

Mke wangu hakujali. Ni mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, na hajawahi kukosa kupiga kura. "Wakitaka kunijua, wanijue," alisema, akajifunga khanga tukaondoka.

Kituo kilikuwa darasani, kwenye shule ya msingi. Karani, mama wa makamo, alitupa shikamoo, akaweka kidole cha mke wangu kwenye mashine. Akatazama kishikwambi, kisha kadi ya kura, kisha kishikwambi tena.

"Bibi, majina hayalingani. Kwenye kadi jina lako lina L katikati. Kwenye kitambulisho cha taifa lina R."

"Langu lina L," alisema mke wangu. "Ni la bibi yangu."

Nikasimama. "Si nilisema? Mmelibadilisha ili mumtoe kwenye daftari!"

"Babu, mimi sijabadilisha kitu. Mashine inaleta kilichoandikwa kwenye fomu."

"Mashine inaleta mnachoipa."

Mwanamume mmoja kwenye foleni akapaza sauti: "Mzee, hesabu vizuri, labda una wake wawili!" Watu wakacheka. Mke wangu naye alicheka.

Karani akaeleza taratibu. Tukikubali R ifuatwe kote, angemaliza pale pale. Tukikataa, tukarekebishe kitambulisho kwa barua na kiapo, na kituo kingefungwa baada ya siku nne. Tukichelewa, jina lingebaki daftarini na alama ya kutolingana.

"Alama hiyo itafanya nini siku ya kura?" niliuliza.

"Hilo sijaambiwa, babu."

Nikaona sasa wamejifichua. Nikatoka nikiapa kurudi na ushahidi.

Ushahidi nilijua ulipo. Kwenye kadi ya kura alijiandikisha mwenyewe, lakini fomu ya kitambulisho nilimjazia mimi, kwa kuwa nilifika kidato cha nne na yeye aliishia darasa la tatu. Kila fomu nilikuwa naitolea kopi. Nikaikuta ndani ya bahasha. R ilikuwa pale, kubwa, na mkia wake niliokuwa nikiringia tangu shuleni. Mwandiko wangu.

Nikakumbuka. Alinitajia jina lake, nami nikadhani L ile ni matamshi ya kisiwani tu. Huku kwetu L na R zinatupiga chenga wengi. Mimi nilichapwa sana kwa kosa hilo, mpaka nikageuka wa kuwasahihisha wengine. Nikaona namsaidia asichekwe ofisini. Kitambulisho kilipotoka aliniomba nimsomee, maana herufi ni ndogo. Nikasoma jina kwa L, anavyolitamka yeye, huku nikiiona R. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Siku nzima nilikaa na kopi ile mfukoni, na wakati wa kula nikaendelea kumsema yule karani. Asubuhi yake ndipo nilipomwonyesha.

Aliitazama, akanirudishia. "Kumbe mwizi unayemtafuta nilikuwa nampakulia ugali."

"Tufuate R, yaishe," nilisema. "Upige kura yako bila wasiwasi."

"Bibi yangu hana R."

Nikaandika barua. Nilipomsomea kwamba jina lilikosewa kwenye fomu, akanikatiza: "Lilikosewa na nani?" Nikaandika upya: nililikosea mimi, mume wake. "Ongeza hapo kwamba hukuniuliza." Nikamwambia barua za ofisini haziandikwi hivyo. Akaendelea kuchambua dagaa. Nikaongeza.

Wakili wa Mkuyuni aliyetugongea muhuri alitaka kuikata sentensi ile. Mke wangu akaweka kidole juu yake, ikabaki.

Barua tuliipeleka ofisi ya vitambulisho, lakini kituo kilifungwa kabla jibu halijaja. Jina lake limo daftarini kwa L, na alama yao pembeni. Alama hiyo siiamini, na siku ya kura nitakwenda naye mpaka mlangoni nione watamwambia nini.

Lakini mwaka ule wa fomu, majirani wengi kutoka visiwani waliniletea za kwao niwajazie. Nimeanza kuwapitia nyumba kwa nyumba, nikiomba kuona vitambulisho vyao. Wa kwanza alikishika chake kifuani, akakataa kunipa mpaka nimweleze nakitakia nini. Nikamweleza.