Nilimlazimisha binti yangu ang'oe choroko, sasa hanikatalii chochote

Admin, nifichie jina na kata, maana huku Bariadi tunajuana. Nina miaka sitini na saba, nimestaafu ubwana shamba, nina mke na watoto wanne. Najua wengi humu huandika habari za wapenzi. Langu ni la mzee, mnivumilie, na nitaeleza taratibu kwa sababu nikiruka hatua hamtanielewa.

Kwa wasiolima pamba: sisi mabwana shamba tulielekeza ipandwe peke yake. Hakuna mahindi katikati, hakuna choroko. Wakulima wanajua, na wanajua pia kutuzunguka. Mistari ya kando ya barabara wanapanda pamba tupu, safi, ya kuonyesha. Ukiingia hatua thelathini ndani unakuta choroko zimejaa. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kushuka kwenye pikipiki, kuingia humo ndani na kung'oa. Niling'oa za jirani zangu, niling'oa za wajane, hata za shangazi yangu kule Nkololo, akaniita jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Sikuwahi kujiuliza kwa nini watu walewale wanarudia kosa lilelile kila msimu.

Aliyejiuliza ni binti yangu wa tatu. Ana miaka ishirini na tisa, naye ni afisa ugani. Tangu utotoni alikuwa mbishi. Nikisema leo mvua itanyesha, anauliza nimejuaje. Mbele za watu nilimkaripia, moyoni nilifurahi. Mwaka juzi aliniambia, "Baba, kama kijiji kizima kinaficha kitu kimoja, lazima kuna namna kinawasaidia. Mimi nataka kukipima." Akagawa shamba darasa lake nusu kwa nusu, huku pamba tupu, huku pamba na choroko, wazi kabisa kando ya barabara, na vibao akaweka. Kila wiki alihesabu funza wa vitumba, wale wadudu wanaotoboa matunda ya pamba, aone upande upi wanao wengi, na kuandika. Kina mama wakaanza kuja kutazama wenyewe, bila kuitwa na mwenyekiti wa kijiji.

Kisha ikasikika kwamba wakubwa wa mkoa watapita kukagua. Mkuu wake wa kazi, ambaye kazi nilimfundisha mimi, akaja nyumbani kwangu. Hata chai alikataa. "Mzee, ongea na mwanao. Anatuaibisha. Wakubwa wakiona lile shamba, mimi sitaweza kumtetea."

Niliogopa. Niliogopa kazi yake, lakini niwe mkweli, niliogopa zaidi watu kusema mtoto wa fulani ndiye anayevunja maelekezo ya fulani.

Nilikwenda asubuhi, nikamkuta ameinama na daftari lake. Nikamwambia, "Mayu," ndivyo tunavyowaita mabinti zetu huku, yaani mama, "ng'oa hizi choroko."

"Baba, zimebaki wiki tatu tu nipate jibu."

"Maelekezo unayajua."

"Nayajua, ulinifundisha mwenyewe. Wewe uliwahi kuyapima?"

Hapo nikatumia ubaba. Nikasema, "Kama mimi ndiye niliyekuzaa, ng'oa."

Akaweka daftari chini, akainama akang'oa. Nami nikamsaidia. Mama mmoja alipita na jembe begani akacheka, "Bwana shamba! Umestaafu lakini mkono haujasahau. Leo umehamia kwa mwanao?" Binti yangu hakucheka, wala hakulia. Ukaguzi ukapita salama, akapongezwa mbele ya watu.

Tangu siku hiyo habishani na mtu. Mkulima akimuuliza jambo, anamsomea kipeperushi. Mkuu wake alinipigia simu kunishukuru, "Mzee, binti ametulia sana." Nilimwomba binti yangu nilione lile daftari, akasema alishalichoma na takataka.

Sasa nifike kwenye lililonileta. Amechumbiwa na kijana mwenye duka la samaki wakavu Lamadi. Ni mstaarabu, hanywi, na kaka zangu wamempenda. Habari ya ng'ombe wa mahari imeshakubaliwa. Ila kijana huyo alisema mbele yetu sote kwamba mke wake hatazunguka mashamba ya watu na pikipiki. Ataacha kazi, akae dukani. Nikamgeukia binti yangu, nikisubiri alipuke.

"Kama wazee mnavyoona," akasema.

Nilimfuata nyuma ya nyumba, nikamkuta anaanua nguo na kuzikunja. Nikamuuliza, "Mayu, unampenda?"

"Ni mtu mzuri."

"Nimeuliza kama unampenda."

"Baba, niambie unataka nijibu nini, nitajibu."

Nilimwomba radhi palepale. Nikamwambia siku ile shambani nilikosea, na kwamba swali lake lilikuwa la haki. Akasema, "Sawa, baba," akaendelea kukunja nguo. Jioni mke wangu aliniona nimesogeza ugali pembeni. "Si ulitaka mtoto mtiifu? Huyo hapo. Mbona huli?"

Wakwe wanakuja Jumamosi kukamilisha. Nikivunja uchumba, nitakuwa nimemwamulia tena. Nikimwambia akatae, atakataa kwa sababu nimesema mimi, na kesho mwingine akimwambia akubali, atakubali. Nikinyamaza, ataolewa na kuacha kazi aliyoipenda, na sitajua kamwe kama alitaka. Nimefundisha watu tangu ujana wangu, lakini sijui mtu anafundishwaje kukukatalia.

Wenye mabinti mnisaidie. Na ninyi mabinti mlionyamazishwa na baba zenu, niambieni: kuna jambo gani baba angefanya hata mkafungua mdomo tena mbele yake? Nitasoma kila jibu. Zimebaki siku tano.