Kibuyu Nyuma ya Televisheni

Mwenye ukumbi wa video hapa Garsen hasimamishi filamu ya vita kwa ajili ya bunduki. Hizo huziacha zipite, vidole vyake vinene vikimenya karanga. Ila likionekana birika lililoachwa jikoni, au ndala ya mtoto mlangoni, hubonyeza rimoti na kusema kwa sauti ya chini, "Hapa palikuwa na watu." Watazamaji huguna. Yeye hungoja.

Juzi Habon, muuza maziwa aliyerejea karibuni kutoka Bura, aliingia kujikinga mvua. Picha ikaganda kwenye jagi la maziwa, mezani kwa watu waliokimbia. Mwenye video akamtazama Habon, akainuka, akamletea kibuyu kutoka nyuma ya televisheni. Habon akautambua mkanda wa ngozi aliousuka mwenyewe. Alikiacha ukutani mwaka ule walipokimbia mapigano.

"Nilikiokota kwenu, mama. Sikujua mlikokwenda."

Habon akakifungua akitarajia uvundo wa miaka yote hiyo. Kilinukia moshi, moshi wa wiki hiyo hiyo, kama ule anaofukizia vibuyu vyake asubuhi visivunde, kabla ya kukamua. Na mtu huyu hajawahi kufuga hata mbuzi. Akamimina humo maziwa yaliyobaki kwenye galoni lake, akampa.

"Anza wewe, ndugu yangu."