Alichoniambia Mwende kwenye Chai ya Jumatano

Nilikosa. Wacha niliseme hilo kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea ndiko ninakokujua sana.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, ninakaa mtaa wa Tassia, huku Eastlands ya Nairobi, na kazi yangu ni kusimamia timu ya wahandisi wa programu za simu. Tuna programu ambayo wenye vioski na maduka huagizia bidhaa kutoka kwa wauzaji wa jumla. Mtu anabonyeza, unga unaletwa. Programu ikilala, hakuna unga, na simu za matusi zinaanza.

Kazini kwetu msimamizi lazima akae na kila mtu wake, wawili peke yao, amsikilize. Wenzangu walifanya hivyo kwenye vile vyumba vya vioo. Mimi nikasema aah, mtu wa Eastlands hafungui roho ndani ya kioo! Kila Jumatano nilimchukua mmoja tukaenda kunywa chai na mandazi kwenye kibanda nyuma ya ofisi. Na kweli walinimwagia kila kitu. Nilijiona kiongozi, tena nilijivuna!

Nilikuwa na watu saba. Mmoja wao ni dada nitakayemwita Mwende. Tulilelewa pamoja mtaa wa Kaloleni, nyumba zetu zikitazamana, na mama zetu wanaombana chumvi mpaka leo. Mimi ndiye niliyemwambia kuna nafasi ya kazi. Akaja, akafanya mtihani, akaonekana ana kichwa kuliko wote. Sawa, niseme ukweli wote: kuliko hata mimi.

Jumatano moja alizungusha kikombe kwanza.

"Nikushow kitu? Lakini usinicheke."

"Sema tu, siste."

"Tangu ile siku nilibonyeza app ikaanguka, siko sawa. Nikifika pale pa kutuma mabadiliko mapya ya app kwa wateja, mikono inanitetemeka. Lazima niite mtu asimame kando yangu, nasingizia ni kukagua tu. Naogopa, manze."

Nikamwambia ni kawaida, itapita. "Na hii stori inabaki hapa hapa kwa mandazi," nikasema. Akacheka, akashusha pumzi.

Kitu ambacho sikumwambia ni kwamba mikono yangu pia hutetemeka. Miaka yote! Nikishatuma kazi huenda chooni kunawa uso. Angejua hilo labda angelala usingizi siku hiyo. Lakini mimi ni mkubwa wake, ningesemaje?

Mwezi haukuisha, mkurugenzi akaniita. Wanaunda timu ya pili na wanamfikiria Mwende aiongoze. Namwonaje?

Swali dogo tu. Ningejibu anafaa, nikarudi kwenye meza yangu. Lakini nikaanza kupiga hesabu. Yaani mtu niliyemleta juzi awe sawa na mimi? Kesho si atakuwa juu yangu? Nikakohoa kidogo, nikaweka sauti ya huruma. Ee Mungu, ile sauti bado naisikia!

"Ni mzuri sana," nikasema. "Tatizo ni kwamba anaogopa. Akituma kazi mikono inamtetemeka. Ameniambia mwenyewe."

Mkurugenzi akanishukuru kwa kuwa mkweli.

Wiki iliyofuata, kwenye mkutano wa timu nzima, nafasi ile ikatangazwa kuwa imepewa mtu kutoka nje. Mkurugenzi, na sidhani alikuwa na ubaya wowote, akamgeukia Mwende: "Wewe tulikufikiria, ila tumesikia mikono bado inatetemeka. Usijali, utazoea."

Mwende hakumtazama mkurugenzi. Alinitazama mimi, na wote waliona. Na mimi nikajifanya nasoma simu ambayo ilikuwa imezima.

Mwisho wa mwezi akaacha kazi. Hakunigombeza. Laiti angenitukana!

Jumatano zangu ziliendelea. Chai ile ile, mandazi yale yale, lakini kila niliyekaa naye alisema, "Niko poa, boss." Wote sita wako poa! Kumbe walikuwa wameona kasoro kwenye programu wiki tatu nzima, na hakuna aliyetaka kuniletea. Ilipolipuka, maagizo ya siku nzima yakapotea. Nikawauliza kwa nini hawakuniambia. Aliyenijibu ni mpole kuliko wote, mtu asiyepandisha sauti.

"Tukikuambia makosa yetu, tutayasikia kwa mkutano."

Nikaondoka pale.

Lakini hata hayo siyo yaliyonifanya niandike. Jumapili iliyopita nilikwenda Kaloleni kumwona mama, nikamkuta anachambua mboga za sukuma pamoja na Mama Mwende. Nilitaka kugeuka, lakini Mama Mwende alishaniona. Akainuka, akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, ubarikiwe. Naomba unisaidie. Mwende aliacha kazi na hataki kuniambia sababu. Nikimuuliza, ananiambia ofisi ilikuwa nzuri na wewe ulimtunza vizuri. Hebu kaa naye. Kwako huwa anafungua roho, atakuambia."

Mimi sikuweza kumfichia siri mwezi mmoja. Yeye ananifichia aibu yangu hadi kwa mama yake mzazi!

Mikono yangu ikaanza kutetemeka ndani ya ile ya Mama Mwende. Akaniuliza kama nasikia baridi. Nikasema ndiyo, mama, ni baridi tu.

Wewe unayesimamia watu, nakusihi. Kama mdomo wako haufungiki, usimwite mtu kwenye chai. Mwache akae na hofu yake, iko salama kwake kuliko kwako. Na kama una hofu yako, mwambie, kabla hujaipeleka ya kwake kwa wakubwa. Mimi namba ya Mwende ninayo. Nimeifungua mara nyingi wiki hii, nikaifunga bila kupiga.