Siku Mama Povu Alipofungua Lango

Mtaani tulimwita Mama Povu, ingawa hakujaliwa mtoto. Jina lilitokana na kazi yake. Alikuwa kiongozi wa zamu kwenye mtambo wa kusafisha majitaka, kule bondeni yanakoishia mabomba ya mji mzima. Ukimfuata kazini utamkuta amesimama juu ya tangi kubwa linalofurukuta povu la kahawia, buti za mpira miguuni, analikodolea macho kama mpishi anayechunga chungu. Majirani wakimpita wakajikoholesha, alicheka. "Kinachonuka si changu," aliwaambia. "Ni chenu. Mimi nakipokea tu."

Aliishi na mama yake mzee katika vyumba viwili, mlango wao ukitazamana na wetu. Ndiyo maana nayajua haya.

Kazi yenyewe alinieleza mara nyingi, kwa fahari ya mtu anayemsifia mwanawe. Majitaka yakiingia hupita kwanza kwenye chujio la vyuma, likanasa matambara, nepi na mifuko. Mchanga huachwa utuame. Kisha maji huingia kwenye tangi la povu, ambako mashine hupuliza hewa bila kupumzika ili vijidudu visivyoonekana kwa macho vipate pumzi. Hivyo ndivyo vinavyokula uchafu. Mwisho maji hutulizwa kwenye tangi jingine. Vijidudu huzama kama matope na kurudishwa kazini, na maji yaliyotakata humwagika mtoni.

"Bila wadudu wangu wale," alisema, "huu mtambo ni bomba refu tu la kupeleka choo mtoni."

Na kweli, zamani mto ule ulikuwa mweusi, watu wakiuvuka wameziba pua. Mtambo ulipoanza kazi, majani yaliota kingoni na vyura wakarudi. Mdogo wake wa kiume, fundi aliyechoshwa na baiskeli za watu, akamwuliza kama maji yale yanafaa kufugia samaki. Dada mtu akamjibu, "Chimba. Maji hayo nayasafisha mwenyewe."

Akachimba mabwawa, akavuta mfereji kutoka mtoni, chini kidogo ya mtambo. Samaki wakanenepa. Wa kwanza kabisa alimletea mama yao.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua zilinyesha kama zimetumwa. Nyua zilijaa, na sisi watu wa mjini tukafunua mifuniko ya mabomba ya majitaka ili maji yapate pa kwenda. Pa kwenda palikuwa kwake. Alasiri moja, akiwa zamu, aliona matope yaliyopaswa kulala chini ya tangi la mwisho yakipanda kama maziwa yanayotaka kufurika. Yakivuka ukingo, vijidudu vyote vingekwenda na mto, na kuvikuza vingine ni kazi ya wiki nyingi. Muda wote huo uchafu wa mji mzima ungeingia mtoni mbichi.

Njia nyingine ilikuwa lango la pembeni. Akilifungua, maji ya ziada yangepita kando ya matangi na kwenda mtoni bila kusafishwa, hadi mvua ipungue. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Alimpigia simu mkubwa wake, ambaye alikuwa amekwama ng'ambo ya daraja lililofunikwa na maji.

"Wewe ndiye uliye hapo," mkubwa akasema. "Amua."

Mlinzi wa mtambo alianza kuwapigia watu wa chini ya mto wafunge mifereji yao. Mama Povu akampigia ndugu yake.

"Uko wapi?"

"Mjini, dada, nanunua chakula cha samaki. Kwema?"

"Si kwema. Kafunge mfereji wako sasa hivi. Nafungua lango, majitaka yanakuja."

"Kutoka huku, na mvua hii? Nisubiri, dada. Nifike tu nifunge, halafu ufungue."

Akatazama tangi. Matope yalikuwa yameshagusa ukingo.

"Hakuna mtu hapo wa kukufungia?"

"Nani? Niko peke yangu. Dada, nakuomba. Dada!"

"Siwezi, mdogo wangu. Kimbia."

Akakata simu, akalizungusha gurudumu la lango. Mlinzi alituambia kwamba alilizungusha huku machozi yanamtoka.

Mdogo wake alipofika bwawani, samaki walikuwa juu ya maji wakitweta, kwa kuwa uchafu ukioza hula hewa yote majini. Asubuhi mabwawa yalikuwa meupe kwa matumbo ya samaki waliokufa. Alijaza karai, akaja nalo hadi mlangoni kwa dada yake, akalitua. Tulitoka sote kutazama.

"Ungesubiri kidogo tu," alisema.

"Ningesubiri, mtambo ungekufa. Mto ungeoza msimu mzima, kwako na kwa wenzako."

"Kwa hiyo samaki wangu ndio kafara."

"Ndiyo," akajibu.

"Usimjibu hivyo mwenzio," mama yao akasema kutoka ndani. "Mwambie pole."

"Nimeshamwambia usiku kwa simu, mama. Pole hairudishi kitu."

Mdogo mtu akatikisa kichwa. "Wewe ndiye uliyeniambia nichimbe."



Mvua ilipopungua lango lilifungwa. Vijidudu vilikuwa vimepona, na haukupita muda mrefu mto ukatakata. Lakini mtaani tuliulaani mtambo kwa ule uvundo wa siku chache, na waliofunua mifuniko ndio waliolaani kwa sauti.

Ndugu yake alifukia mabwawa, akauza kiwanja, akahamia mji mwingine kutafuta kibarua. Mama yao akafunga nguo zake kwenye shuka.

"Wewe una kazi," alimwambia bintiye. "Acha nikakae na asiye na kitu."

Miezi ilipita kabla Mama Povu hajaenda kuwasalimu. Alirudi mapema kuliko tulivyotarajia, na begi lake halikuonekana kama limefunguliwa. Nilimwuliza kama alipokewa vizuri.

"Vizuri sana. Alisimama, akanipa kiti. Akaniambia, 'Shikamoo, dada.'"

Nikasema hiyo ni heshima.

"Hajawahi kuniamkia tangu azaliwe," akasema. "Tulikuwa tunatupiana maneno kama vichaa." Akaingia ndani kuvua viatu avae buti, kwani zamu yake ilikuwa inakaribia.