Jumatano ya Wanawake

Usiku ule wa kuamkia arobaini ya Babu nililala mapema, maana Bibi alishanionya: "Mke mwenza, alfajiri nakutaka jikoni. Mchele haujichambui." Ndivyo anavyoniita, mke mwenza, kwa kuwa Babu alikuwa akiniita mke wake mdogo.

Nililala, ila nilikuwa na neno kifuani. Wiki mbili kabla hajafa, Babu aliniita peke yangu akanipa maneno, yeye akishazikwa nimfikishie Bibi. Sikuyafikisha. Mimi ni mtu wa haya. Hata darasani, jibu nikilijua, nainama kama nafunga kamba ya kiatu ili mwalimu asinichague. Na maneno yenyewe hayakuwa ya mchezo. Yalihusu kifo cha Zuhura, mdogo wake Bibi, aliyefia kwenye sinema ya mtaani kwetu kabla hata mama yangu hajazaliwa. Bibi anaamini yeye ndiye aliyemuua, kwa sababu ndiye aliyempeleka, na ndiye aliyemwachia mkono gizani. Babu alikuwa fundi wa mashine pale sinema. Alijua mengine.

Basi usingizini nikamwona.

Alikuwa amesimama mlangoni pa sinema, kijana, shati jeupe limepigwa pasi, nywele zinang'aa mafuta. Nilimtambua kwa kikohozi chake tu. Mimi hilo jengo nalijua ni ghala la unga, mabati yametoboka, popo wanalala juu. Lakini pale lilikuwa limepakwa rangi upya, taa nyekundu na kijani zinazunguka jina lake.

"Shikamoo, Babu."

Akanisukuma ndani taratibu kwa vidole viwili.

Ilikuwa mchana, Jumatano. Jumatano saa nane lilikuwa onyesho la wanawake, hakuna mwanamume anayeingia ila Babu, naye hukaa juu kwenye chumba cha mashine. Wanawake wanaingia kwa makundi, mabuibui yanavuliwa na kukunjwa mapajani, marashi yanagongana hewani. Wamekuja na kashata, na bisi, na watoto wachanga. Kiti hakipatikani. Mmoja anamwambia mwenzake, "Sogea, shoga, hayo makalio umelipia viti viwili?" na safu nzima inacheka. Namwona Bibi. Ni msichana, mnene wa mashavu, bi harusi, Babu kamwoa juzi. Pembeni yake Zuhura, hajatimiza hata miaka yangu, miguu haitulii.

Nataka kumwita. Sauti haitoki. Hata ndotoni naona haya.

Ngazi zikawa chini ya miguu yangu, nikajikuta juu kwa Babu. Mashine inanguruma, mkanda unazunguka, chumba kina joto la tanuri. Ukutani mna vidirisha viwili. Kimoja kinapitisha mwanga uendao kwenye pazia jeupe la picha. Cha pili ni cha fundi kutazamia ukumbi, lakini hicho kimepigiliwa kitambaa cheusi misumari minne. Wanawake wenyewe walikishona, wakamwambia mwenye sinema: kikitoka hicho, na sisi hatuji.

Msumari mmoja, wa chini kulia, umelegea.

Babu anashika ncha ya kitambaa. Ananitazama, macho yake yana maji.

"Nilikuwa nafunua hapa," anasema, "nimtazame bibi yako akicheka."

Anafunua. Nami natazama.

Kwenye pazia mama mmoja anakufa mikononi mwa mwanawe, anaimba huku anakufa, na ukumbi mzima unalia. Wanalia kwa sauti kama wako msibani. Halafu naona feni ya ukutani inatoa moshi. Moshi kidogo tu, wa waya ulioungua. Mwanamke anasimama. "Moto!" Kilio kinabadilika, lakini aliye nje hawezi kujua. Mlinda mlango yuko kwenye kiti chake barazani, mlango ameukomea kwa nje wanaume wasichungulie. Anasikia vilio, anatikisa kichwa, anamenya karanga. Kila Jumatano wanalia. "Leo mama amekufa vizuri," anamwambia mpita njia.

Chini ni giza na watu. Wanapandiana. Zuhura ameshikwa mkono na Bibi, mkono umenyooka mpaka begani, na umati unakuja katikati yao kama mlango unaofungwa, Zuhura anapotelea chini ya miguu.

Swichi ya taa za ukumbi iko hapa. Naiona, karibu na kiwiko cha Babu.

"Babu, washa."

Hawashi.

"Babu, washa taa!"

"Nikiwasha," anasema, "watauliza nimeonaje."

Anasema pole pole, huku mashine inanguruma, huku mama wa kwenye pazia angali anaimba. Wangeniita mchungulia wake za watu, anasema. Kazi ningepoteza. Kaka zake bibi yako wangenichinja. Alhamdu mara tatu, mke wangu. Muda wa kusoma Alhamdu mara tatu nilisimama hapa, mkono wangu juu ya swichi, mpaka yule mlinda mlango alipostuka akafungua mwenyewe.

Nataka kumshika mkono niubonyeze. Mkono wake ni baridi, na mzito kama wa mtu aliyekwisha kuoshwa.

Kisha tuko kule kule juu lakini pamenyamaza. Babu anaweka mkanda, nami natazama chini kidirishani. Jumatano ya pili ya baada ya msiba, wanawake wako thelathini. Ya tatu, saba. Waume wamekataza. Kisha hakuna tena Jumatano. Wanaume nao wanapungua, kila mtaa una nyumba yenye video, nani atoke kwake? Viti vinang'olewa kimoja kimoja kwenda kukaliwa vibarazani. Jina la sinema linadondoka herufi kwa herufi. Magunia ya unga yanapanda pale palipokuwa na pazia, na Babu anazidi kuzeeka mbele yangu, shati linamlegea, meno yanamtoka, na bado anawasha mashine, anaonyesha magunia picha.

"Watu husema video ndiyo iliyoua sinema yetu," anasema. "Nami niliitikia, ndiyo, video."

Sasa ni yule Babu wa kitandani niliyemjua. Ananisogelea. Ananuka karafuu na maji ya maiti.

"Ulimwambia?"

Nainamisha kichwa. Natafuta kamba ya kiatu. Niko miguu mitupu.

"Mwambie hakumwachia. Alinyang'anywa. Mkono wake uling'ang'ania mpaka mwisho. Mimi niliona."

Nikaamka nimejikunyata, mto umeloa. Adhana ilikuwa imekwisha. Nje nilisikia sinia, mchele unapepetwa.

Nilikwenda hivyo hivyo, bila kunawa uso. Nilijua nikinawa nitapata muda wa kuogopa. Bibi alikuwa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, taa ya chemli miguuni.

"Umeamka, mke mwenza? Nikadhani leo bwana ni wangu peke yangu."

Nikamwambia. Sikumtazama, nilitazama mchele. Nilimwambia ndoto yote, kidirisha, na msumari, na swichi, na Alhamdu tatu. Vidole vyake vilikuwa vikitafuta mawe, vikaacha.

"Alikuwa akinitazama mimi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Rudia hapo pa mkono."

Nikarudia. Hakumwachia. Alinyang'anywa.

Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Kisha akauliza, ndani ya kanga, "Alikwambia ndotoni tu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Haya yangu yote ilitaka niseme ndiyo.

"Hapana. Kabla hajafa."

"Ukanyamaza siku zote hizi."

"Ndiyo."

Akaniita kwa jina langu, Mwanaidi, jina ambalo yeye halitumii kabisa.

Mlangoni majirani walikuwa wamefika na masufuria. "Hodi! Hodi wenye arobaini!"

Bibi akafuta uso, akavuta sinia karibu.

"Wafungulie," alisema. "Dua atasomewa. Ila amina yangu wasiingoje leo."