Kuku wa Kuishukuru Taa

Ndugu wasomaji, mhariri ameniahidi jina langu halitatoka kwake, ndiyo maana nathubutu. Nina miaka ishirini na tisa, ni daktari katika hospitali moja mkoani Singida. Tangu chuoni ndoto yangu ni moja: kusomea ule utabibu mpya wa kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa wa damu huku daktari akiuona kwa eksirei, mgonjwa apone bila kupasuliwa. Nafasi ya kwenda ng'ambo imepatikana, ya mtu mmoja tu, na wa kupendekeza jina ni mganga mkuu wetu.

Sasa mkubwa huyo ananitia kinyaa. Filamu za eksirei zilituishia zamani, mashine haipigi picha yoyote. Lakini wagonjwa wengi wa vijijini huamini kule kumulikwa ndiyo dawa yenyewe. Badala ya kuwaelimisha, yeye huwasimamisha mbele ya mashine, huwasha taa, kisha huwaambia wameshapona. Wanamletea kuku na asali. Na kwenye mikutano ya chama huyo huyo ndiye anayelaani unyonyaji kuliko wote! Nilipomuuliza, alicheka huku akichokonoa meno.

"Wanapona kwa imani. Wewe kijana, unataka masomo au unataka ubishi?"

Nikarudi wodini. Juzi akaja mama mmoja wa kijiji cha Mwankoko, kuku kwapani, kushukuru. Alikuwa akikohoa, na ncha ya kanga yake ina damu. Nilimpa shikamoo, nikamsihi abaki tumpime kifua kikuu, tumpe dawa. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, mkubwa wako kaniambia nimepona. Wewe unajua kumshinda yeye?"

Akaenda zake, kwenye chumba anacholala na wajukuu.

Jana mganga mkuu alinialika chakula cha mchana kunipongeza, kwamba jina langu analipeleka wiki hii. Kuku akaletwa mezani. Akaniambia ni yule wa Mwankoko, akanichagulia paja. Nikaliacha paja sahanini, nikatoka nje.

Mama yule hatanisikiliza mpaka mkubwa aumbuliwe mbele ya chama, nami nikimshtaki, masomo ndiyo basi. Nikinyamaza nitarudi bingwa wa mishipa, mama nimkute kaburini. Ndugu zangu, nipeni shauri, nishike lipi? Msikawie, maana mama bado anakohoa, na wajukuu wako chumba hicho hicho.